Asali Iliyoganda ya Mzee Zefania

Zefania ni mfugaji wa nyuki. Anaishi Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoachana na barabara kuu. Mke wake anaitwa Damari. Mtoto wao wa kwanza, Isaka, ameoa na anaishi Nduguti. Kwa hiyo watu wa Mkiwa huwaita Baba Isaka na Mama Isaka.

Kila asubuhi Damari hupanga chupa za asali juu ya meza kando ya barabara. Basi likisimama, abiria huchungulia dirishani.

"Mama, hii ni asali kweli?"

"Ni asali kweli."

"Hamjachanganya na sukari?"

"Hatujachanganya."

Wengine hununua. Wengine hutikisa chupa, huirudisha, na basi huondoka.

Zefania hushinda kwenye mizinga. Anayo arobaini na miwili. Mingine iko porini, kwenye vichaka vya kuelekea Itigi. Mingine ameiweka karibu na mashamba ya alizeti. Alizeti zikichanua, nyuki wake hawaendi mbali.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, upepo wa baridi ulivuma sana. Siku moja kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, ilisimama mbele ya nyumba yao. Akashuka Alphonce, mwenye duka Singida mjini. Kwa miaka sita Alphonce alikuwa akinunua asali yao kwa ndoo. Siku hiyo hakusalimia. Alishusha ndoo tano, moja baada ya nyingine, akafunua moja. Ndani asali ilikuwa nyeupe na ngumu kama samli ya asubuhi.

"Mama Isaka, angalia mwenyewe," alisema. "Hii ni sukari."

"Si sukari," Damari alijibu. "Imeganda tu."

"Asali haigandi. Wateja wangu wamenirudishia. Mmoja ameniita mwizi mbele ya watu, dukani kwangu."

Zefania alitoka ndani. Yeye ni mtu wa maneno machache. Alichota kidogo kwa kidole, akaonja.

"Hii ni ya alizeti," alisema. "Ya alizeti huganda."

"Mzee wangu, mimi nakuheshimu," Alphonce alisema. "Lakini siwezi kusimama dukani kutwa nikimweleza kila mtu habari za alizeti. Tuishie hapa."

Kirikuu iliondoka. Majirani walikuwa wamesikia kila neno.

Habari mbaya haihitaji nauli. Baada ya siku chache, utingo wa basi moja alianza kuwaambia abiria wasinunue kwenye meza ile. Damari alimsikia kwa masikio yake. Alipanga chupa zake upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Mwezi ulipokwisha, ndoo kumi na tisa zilikuwa zimejaa chumbani. Mtu mmoja anayefanya biashara ya mkaa alikuja kuzungumza na Zefania.

"Baba Isaka, una miti mizuri kule kwenye mizinga yako," alisema. "Kata, tuchome mkaa. Mkaa hauna maneno. Mtu akiuona anajua ni mkaa."

Zefania alimsindikiza mpaka barabarani. Lakini alasiri ile Damari alimkuta amekaa uani, ananoa shoka. Kwa miaka ishirini mume wake hakuwahi kukata mti mbichi kule porini. Damari alisimama mlangoni akimtazama.

Kesho yake Damari alikwenda kutoa kopi ya kitambulisho chake kwenye duka la steshenari karibu na stendi. Mwenye duka ni Amne, binti wa Ikungi. Ana kompyuta moja, mashine ya kopi moja, na uvumilivu mwingi.

"Shikamoo, Mama Isaka."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona leo uso umeanguka?"

Damari alimweleza yote. Alieleza habari ya Alphonce, ya utingo, na ya shoka. Amne alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwani kwa nini inaganda?"

"Mimi najua kwamba inaganda. Sababu anaijua Baba Isaka. Ila haongei."

"Nitakuja nimuulize," Amne alisema.

Alikuja jioni ile, kabla jua halijazama. Zefania alikuwa akigonga misumari kwenye mzinga wa sanduku. Amne alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akauliza swali lake. Zefania aliweka nyundo chini.

"Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo," alisema. "Watu huuliza kama ni sukari. Hawaulizi kwa nini."

Ndipo akaanza kueleza.

"Asali ina utamu wa asili wa aina zaidi ya moja. Aina moja hupenda kuganda. Ua la alizeti lina hiyo kwa wingi. Baridi ikija, asali ya alizeti huganda upesi. Asali ya porini hukaa muda mrefu ikiwa majimaji. Zote ni asali. Ukitaka iliyoganda iyeyuke, weka chupa ndani ya maji ya moto, lakini yale ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Iache taratibu. Usiichemshe. Ukiichemsha unaua harufu na ladha yake."

Kisha akaendelea. Alieleza jinsi nyuki anavyoleta maji matamu ya maua. Alieleza jinsi nyuki wengine wanavyopepea kwa mabawa ndani ya mzinga, usiku na mchana, mpaka maji yapungue na asali ikomae.

"Nyuki mmoja," alisema, "kwa kazi ya maisha yake yote, hajazi hata kijiko kimoja cha chai."

Amne alikuwa amekula asali tangu utoto, na hakuwahi kujua hilo. Alifikiria vijiko vyote alivyolamba bila kuwaza.

"Baba," alisema mwishowe, "mambo haya mbona hujayaandika?"

"Niyaandike wapi?"

"Kwenye blogu."

"Blogu ni nini?" Damari aliuliza.

"Ni mahali pako kwenye mtandao. Unaandika mambo ya kazi yako, unaweka picha, jina, mahali ulipo na namba ya simu. Mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kusoma, akiwa popote."

"Mimi naona watu wanaweka picha za biashara kwenye watsapu," Damari alisema. "Si ndiyo hiyo?"

"Si hiyo, mama. Unayoweka pale kwenye watsapu huonwa na wenye namba yako tu, na kesho yake imefutika. Blogu inabaki. Utakachoandika leo, mtu atakisoma mwakani. Tena mtu asiyekujua. Chukulia yuko Mwanza, asali yake imeganda, anashangaa. Anaandika kwenye simu, kwa nini asali inaganda. Simu inamtafutia mahali palipoandikwa jibu. Jibu likiwa lako, anafika kwako."

Zefania alitikisa kichwa polepole. "Mwanangu, mimi nimejifunza kusoma nikiwa na mke na watoto wawili. Naandika barua fupi. Hayo makubwa siyawezi."

"Wewe sema, mimi nitaandika. Kisha nitakusomea. Neno lisilo lako tutalifuta."

Zefania alitazama ndoo chumbani kupitia mlango uliokuwa wazi. "Haya," alisema.

Kwanza Amne aliuliza kwenye mamlaka inayosimamia mawasiliano kama blogu ya mfugaji nyuki inahitaji kibali. Alielezwa utaratibu, akaufuata. "Sheria za mtandao hubadilika," aliwaambia. "Kuuliza ni bora kuliko kubahatisha." Kufungua blogu hakukuwa na malipo. Walihitaji bando la intaneti tu, na kompyuta ya Amne.

Damari alitaka jina kubwa. Wakaandika juu kabisa: Asali Bora Kuliko Zote Tanzania. Chini yake Zefania akasema, "Andika kwamba inatibu magonjwa yote. Wenzetu wote husema hivyo."

Amne aliondoa vidole kwenye kompyuta. "Baba, inatibu yote kweli?"

Zefania alifikiri. "Hapana."

"Basi tusiandike. Mtu akigundua uongo mmoja, hataamini ukweli kumi. Tena mgonjwa anaweza kuacha dawa ya hospitali kwa sababu ya maneno yetu. Badala yake tuandike lile tuliloambiwa kliniki, kwamba mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali."

"Tutafukuza wateja," Damari alisema.

"Mama atakayesoma hivyo atajua kwamba tunamjali mtoto wake kuliko chupa yetu."

Waliandika hivyo.

Wiki mbili zilipita. Amne aliwaonyesha mahali panapohesabu wasomaji. Walikuwa sita.

"Mmoja ni mimi," Amne alisema. "Mmoja ni mdogo wangu. Na nadhani wawili ni mimi tena."

Zefania aliinuka aende zake. Amne alimwomba asubiri kidogo.

"Kosa ni langu," alisema. "Tumejisifu. Mtu akiwa na shida hatafuti sifa zetu. Anatafuta jibu la shida yake. Mama Isaka, watu huuliza nini pale mezani?"

Damari hakuhitaji kufikiri. Alihesabu kwa vidole. "Huuliza kwa nini imeganda. Huuliza watajuaje kama ina sukari. Huuliza kwa nini nyingine nyeusi na nyingine nyeupe. Huuliza inakaa muda gani bila kuharibika. Huuliza kama nyuki hawatuumi."

"Hizo ni kurasa tano," Amne alisema. "Wiki tano."

Jina la juu walilifuta. Waliandika: Nyuki wa Mkiwa. Ukurasa wa kwanza uliuliza: Kwa nini asali yangu imeganda? Zefania alisema maneno yale yale aliyosema uani. Amne aliyaandika kwa sentensi fupi. Alipiga picha ya ndoo iliyoganda, bila kuficha weupe wake. Alipiga picha ya mikono ya Zefania ikishika sega. Mwisho waliweka mahali walipo, jina la Damari na namba yake ya simu.

Alipomsomea, Zefania alimsimamisha mara mbili. "Hapo sikusema daima," alisema. "Nilisema mara nyingi. Iko asali ya alizeti iliyochelewa kuganda, niliiona mwenyewe." Amne alibadilisha.

Kila Jumamosi walikutana dukani kwa Amne, wakaongeza ukurasa mmoja. Jumamosi nyingine Zefania alikuwa amechoka, lakini alikuja. "Shamba usilolitembelea linaota magugu," Amne alimwambia siku ya kwanza, naye, kwa kuwa ni mkulima pia, alielewa.

Ilikuwa Jumamosi ya saba. Amne alifungua mahali pa kuhesabu wasomaji. Kisha akageuza kompyuta ili wazee waone.

"Ni mia nne na kumi na moja," alisema.

"Mia nne nini?" Zefania aliuliza.

"Watu. Wamesoma maneno yako. Na hapa inaonyesha walipo. Huyu yuko Mbeya. Huyu yuko Mtwara. Huyu yuko Bukoba. Huyu yuko Mombasa, Kenya."

Zefania alivua kofia yake, akaiweka magotini. Hakuwahi kufika Mbeya. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dodoma, tena alimpeleka mgonjwa. Alinyoosha kidole, akagusa neno Mtwara kwenye kioo, taratibu, kama mtu anayegusa sega jipya asilivunje.

"Huyu amejuaje kama mimi nipo?" aliuliza.

"Hakujua. Aliuliza swali, akakukuta."

"Nilikuwa nimelala, na yeye ananisikia?"

"Labda ulikuwa umelala, ndiyo."

Mtu alikuja kutoa kopi, akahudumiwa, akaondoka, na mzee bado alikuwa ameshika kofia yake. Damari alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Hakujua kwa nini analia, kwa sababu hakuwa na huzuni.

Chini ya ukurasa wa kwanza kulikuwa na maoni ya wasomaji. Mwanamke wa Njombe alikuwa ameandika: "Nilikuwa nimebeba dumu nikamwage asali yangu shimoni. Mwanangu akanisomea haya. Nimerudi na dumu langu ndani. Mungu awabariki."

Mwingine aliandika: "Waongo hawa. Sukari tupu."

"Huyo mfute," Damari alisema.

"Mama, tumjibu kwa adabu," Amne alisema. "Wengine watasoma jibu letu wajue sisi ni watu wa namna gani."

Zefania alifikiri, akasema polepole huku Amne akiandika: "Ndugu yangu, hujakosea kuogopa. Wapo wanaochanganya. Njoo Mkiwa, uvae mavazi ya kurinia, ufungue mzinga kwa mkono wako. Zefania."

Mtu yule hakujibu. Lakini wengine walisoma.

Wakati huohuo ukaja ujumbe kwenye simu ya Damari. Mtu alisema ameona blogu, anataka ndoo mia moja, ila watume kwanza ada ya kusajili oda hiyo. Damari alikimbia dukani kwa furaha.

"Usitume," Amne alisema. "Mnunuzi wa kweli hakuombi wewe pesa. Mwambie aje aone mzigo."

Damari alimjibu hivyo. Mtu yule hakuonekana tena.

Mwezi wa kumi ilikuja simu nyingine. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Naitwa Joyce. Nina kiwanda kidogo cha mikate Dodoma. Wewe ndiye Damari wa Nyuki wa Mkiwa?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Ile asali iliyoganda, ya kwenye picha, bado mnayo?"

Damari aliona aibu. "Ipo, lakini tunaweza kukuyeyushia."

"Hapana, tafadhali msiyeyushe. Nakuja kesho."

Joyce alifika saa nne asubuhi. Hakutaka chai kwanza. Alitaka kuona mizinga. Zefania alimpa mavazi meupe, kofia ya wavu na glavu, akatangulia na bomba la moshi la kutuliza nyuki. Walipofika, aliinua kifuniko kimoja. Sauti ya nyuki ilipanda, ikajaa kichakani. Joyce alisimama kama amepigwa msumari. Maelfu ya nyuki walikuwa wakitembea juu ya sega, kila mmoja na kazi yake. Hakuna aliyemgonga mwenzake.

"Ni kama ulivyoandika," alinong'ona. "Nilidhani umepamba maneno."

"Sijui kupamba," Zefania alisema.

Nyumbani, Joyce alifunua ndoo ya asali nyeupe. Alichukua kipande cha mkate kutoka kwenye mkoba, akapaka kwa kisu. Asali ilikaa juu ya mkate bila kuchuruzika.

"Hiki ndicho nilichotafuta," alisema. "Wateja wangu wanataka asali ya kupaka. Ya majimaji inamwagika mezani, watoto wanajichafua. Niliuliza madukani, wakaniambia ikiganda ni mbovu. Mpaka niliposoma maneno yako."

Damari alimtazama mume wake. Kitu kilichowaletea aibu mbele ya majirani kilikuwa ndicho mtu alichokisafiria kutoka Dodoma.

Joyce alichukua ndoo nane siku hiyo. Wiki mbili baadaye alituma gari kuchukua zilizobaki. Kabla ya kuondoka alisema, "Nikileta wageni wangu waone mizinga, utawapokea?"

"Wavae vizuri, na wasipige kelele," Zefania alijibu. "Nyuki hawapendi kelele."

Yule mtu wa mkaa alirudi tena mwaka mpya ulipoanza. Zefania alimpeleka porini, akamwonyesha miti ikiwa imechanua na nyuki wakiwa juu yake. "Hawa ndio wafanyakazi wangu," alimwambia. "Nikikata nyumba yao, nani atafanya kazi?" Mtu yule alitazama juu kwa muda mrefu. Kisha aliuliza mzinga mmoja wa sanduku unatengenezwaje.

Siku hizi blogu ya Nyuki wa Mkiwa ina kurasa zaidi ya sitini. Wafugaji wengine wanne wa Mkiwa huleta asali kwa Damari, naye huipima na kuikagua kabla ya kuiandika kwenye blogu. Ukurasa mmoja unaeleza kosa lao wenyewe, siku walipofunga chupa zikiwa na unyevu na asali ikachacha. Zefania ndiye aliyetaka liandikwe. Ukurasa huo unasomwa sana.

Mwezi wa tatu mwaka huu Zefania alifika kwa Amne akasema, "Leo sitaki uniandikie. Nionyeshe herufi zilipo."

Alikaa mbele ya kompyuta. Alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja. Ilimchukua karibu nusu saa. Aliandika: "Leo alizeti za Mkiwa zimechanua. Nyuki wametoka mapema. Zefania."

"Nibonyeze wapi?" aliuliza.

Amne alimwonyesha. Alibonyeza.

Hawajainuka bado, jibu likaja. Mtu wa Songea alikuwa ameandika: "Asante kwa habari, Mzee. Huku mvua inanyesha. Wasalimie nyuki."

Zefania alisoma mwenyewe, neno kwa neno, midomo ikitembea. Akarudia kusoma. Alivaa kofia yake, akaaga.

Asubuhi iliyofuata Damari alimpelekea uji kule kwenye mizinga. Alisimama mbali kidogo, asiwashtue nyuki. Mume wake alikuwa ameinama karibu na mzinga wa kwanza. Damari alimsikia akisema kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mtu Songea anawasalimu. Kisha akasogea kwenye mzinga wa pili, akasema tena.